Samaki wa tangi: Chagua kulingana na maji yako, si rangi zao

TANGI la samaki si kitu kigeni tena katika miji yetu. Utaliona katika kumbi za hoteli, katika ofisi, na hata katika zahanati ambako wagonjwa hungoja zamu yao. Watoto wakishaliona mara moja, nyumbani hakukaliki. Kila siku ni kumwomba baba au mama awanunulie samaki wao. Mzazi akichoka kusumbuliwa, hununua bakuli la kioo, samaki wawili wekundu na pakiti ya chakula. Wiki haiishi kabla samaki hao hawajaonekana wakielea matumbo juu. Mtoto analia, na mzazi anadai kwamba muuzaji alimpa samaki wagonjwa.

Mara nyingi muuzaji hana hatia. Samaki walikuwa wazima ila hawakuifaa nyumba waliyopelekwa. Ama maji yalikuwa machache mno, ama baridi mno, ama mapya mno. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alielewe leo. Anayefuga samaki kwa hakika hufuga maji. Maji yakiwa mema, samaki hujitunza wenyewe. Kwa hiyo angalia kwanza maji uliyo nayo, ndipo uchague samaki anayeyaweza.

Huenda ukauliza daktari wa watu anatafuta nini katika mambo ya samaki. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kinachomuua samaki katika tangi jipya ni sumu ile ile ambayo mwili wa binadamu hupambana nayo kila siku. Ya pili ni kwamba tangi lisilotunzwa linaweza kuleta nyumbani magonjwa ya ngozi, mbu na ajali za umeme. Tangi linalomfaa samaki huwa pia ni tangi salama kwa wenye nyumba.

MAJI HUWA SUMU VIPI?

Samaki huishi ndani ya choo chake. Uchafu wake mkubwa ni amonia, ambayo huitoa kupitia matamvua, yaani viungo vile vyekundu anavyopumulia. Katika mto kama Nzoia amonia hiyo huchukuliwa na maji, lakini katika tangi hubaki pale pale alipo samaki.

Binadamu pia hutengeneza amonia mwilini. Ini letu huigeuza kuwa urea, na figo huitoa katika mkojo. Mgonjwa ambaye ini lake limeharibika sana huweza kuchanganyikiwa na hata kupoteza fahamu, na amonia ni mojawapo ya sababu. Samaki katika tangi jipya yuko katika hali kama hiyo, kwa kuwa tangi lake bado halina ini.

Ini la tangi ni bakteria. Hawa ni wadudu wasioonekana kwa macho, nao huishi juu ya changarawe na ndani ya kichujio. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa ni kidogo. Nitriti ni hatari kwa sababu huingia katika damu ya samaki na kuizuia himoglobini kubeba oksijeni. Damu hugeuka rangi ya hudhurungi na samaki hutwetea juu ya maji, ingawa maji hayo yana hewa ya kutosha. Sisi madaktari tunaijua hali hiyo. Huweza kumpata mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima yenye nitrati nyingi. Midomo na ngozi yake hugeuka samawati.

Bakteria hao huchukua kati ya wiki nne na sita kuongezeka kiasi cha kutosha. Ndiyo maana samaki wengi hufa katika mwezi wa kwanza. Ukijaza tangi samaki kumi siku ya kwanza, utawatilia sumu kabla hujalipa tangi nafasi ya kuota ini lake.

Basi anza na samaki wawili wadogo wavumilivu. Walishe kidogo sana, na ubadilishe robo ya maji mara mbili kwa wiki katika mwezi huo wa kwanza. Baadaye ongeza wengine wawili wawili, ukiacha wiki mbili kati ya kundi moja na jingine. Haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili haraka huua.

PIMA TANGI KABLA YA KWENDA DUKANI

Kujua tangi lako lina lita ngapi ni hesabu ya shule ya msingi. Zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 huingia lita 54. Ukitoa nafasi ya changarawe, mawe, na pengo la juu, maji yenyewe ni kama lita 45.

Kanuni rahisi kwa samaki wadogo ni lita mbili za maji kwa kila sentimita moja ya samaki. Pima kwa urefu atakaofikia akikomaa, wala si urefu alio nao dukani. Kwa hiyo lita 45 zinatosha samaki ambao urefu wao ukijumlishwa ni sentimita 22 hivi. Hao ni madume saba wa aina ya gapi wenye sentimita tatu kila mmoja, au danio watano wa sentimita nne. Kanuni hii haifai kwa samaki wakubwa. Samaki mmoja wa sentimita 20 hula na kuchafua kuliko watano wa sentimita nne.

Tangi pana lenye kina kifupi ni bora kuliko lililo refu kwenda juu, kwa sababu oksijeni huingia kupitia uso wa maji. Bakuli la duara ni baya kwa sababu hiyo hiyo. Likijazwa hadi shingoni uso wake huwa mdogo, na halina mahali pa kuwekea kichujio.

Usisahau uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 54, pamoja na kioo na mawe, linakaribia kilo 70, na likimwangukia mtoto ni msiba. Liweke juu ya meza imara isiyoyumba, mbali na dirisha lenye jua kali, na mahali ambapo mtoto mdogo hawezi kupanda wala kuning'inia. Liwe na kifuniko. Mtoto anayetambaa huweza kuzama hata katika maji ya ndoo, sembuse ya tangi.

BARIDI YA HUKU KWETU

Vitabu vingi vya ufugaji husema samaki wa nchi za joto wanahitaji maji ya nyuzi joto 24 hadi 28 za sentigredi. Wengi wetu hudhani kwamba kwa kuwa Kenya imepitiwa na mstari wa ikweta, jambo hilo limekwisha. Mombasa huenda likawa limekwisha, lakini huku kwetu sivyo. Bungoma iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Webuye takriban 1,500 na Kitale takriban 1,900. Usiku wa Julai maji yaliyokaa sebuleni huweza kushuka chini ya nyuzi 20, na huko Kitale yakashuka zaidi.

Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa naye hupoa, tumbo lake husaga chakula polepole na kinga yake dhidi ya magonjwa hudhoofika. Hapo ndipo vidoadoa vyeupe kama chembe za chumvi hutokea mwilini. Huo ni ugonjwa wa vimelea, na hauambukizi binadamu.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua hita ya umeme yenye kijizimaji chake. Ya pili, ambayo ni rahisi kwa mkazi wa mji ambako stima hupotea mara kwa mara, ni kuchagua samaki anayestahimili maji ya nyuzi 18 hadi 24. Kwa vyovyote, nunua kipimajoto kidogo na upime maji asubuhi na jioni kwa wiki moja kabla ya kununua samaki yeyote. Tarakimu utakazopata zitakuambia mengi kuliko muuzaji.

MAJI YA MFEREJI, YA MVUA NA YA KISIMA

Maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya magonjwa kama kipindupindu na homa ya matumbo. Kwetu sisi klorini hiyo ni rafiki, lakini kwa samaki ni adui kwa sababu huunguza matamvua, na pia huua bakteria wa kichujio. Teka maji katika ndoo safi isiyowahi kutiwa sabuni na uyaache wazi kwa saa 24 ili klorini itoke. Funika mdomo wa ndoo kwa kitambaa chepesi cha chandarua ili mtoto na mbu wasiyafikie. Kuchemsha maji pia huiondoa, lakini yaache yapoe kabisa. Baadhi ya miji mikubwa ulimwenguni hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kungoja. Hiyo huhitaji dawa maalum ya dukani.

Maji ya mvua yaliyotoka kwenye mabati ni laini, yaani hayana madini mengi. Gapi na jamaa zake hupenda maji yenye madini, kwa hiyo changanya nusu ya mvua na nusu ya mfereji. Usitumie mvua ya kwanza baada ya kiangazi kwa sababu huosha vumbi na vinyesi vya ndege paani.

Maji ya kisima mara nyingi huwa na oksijeni kidogo. Yamimine kutoka ndoo moja hadi nyingine mara kadhaa, kisha uyaache yalale usiku mmoja. Maji ya mtoni hayafai. Wakati wa mvua Nzoia hupita hapa Webuye ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, nayo imebeba udongo pamoja na chochote kilichooshwa kutoka mashambani huko juu.

SAMAKI WANAOFAA

Gapi ndiye ninayempendekeza kwa anayeanza. Asili yake ni kaskazini mwa Amerika Kusini na visiwa vya jirani. Jina lake limetokana na Robert John Lechmere Guppy, ambaye mwaka 1866 alipeleka samaki hao London kutoka kisiwa cha Trinidad. Dume ana sentimita tatu hivi na mkia wa rangi nyingi. Jike ni mkubwa zaidi na hana urembo. Wanastahimili maji ya nyuzi 18 hadi 28, ingawa hustawi vizuri zaidi yakiwa 22 au zaidi. Gapi hatagi mayai, huzaa. Jike huweza kuzaa vitoto 20 au zaidi kila baada ya mwezi mmoja, tena huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo ukinunua jike mmoja pekee, bado unaweza kujikuta na samaki 60 kabla ya mwaka kwisha. Mwenye tangi dogo na anunue madume pekee.

Danio mwenye milia ni samaki wa kutoka India, Bangladesh na nchi jirani. Ana milia ya samawati kuanzia kichwani hadi mkiani, na hukua hadi sentimita nne au tano. Huyu huyaweza maji yetu bila hita, kwa sababu nyuzi 18 hadi 25 humtosha. Ni samaki wa kundi, na akiwa peke yake huingiwa na wasiwasi. Nunua watano au sita, na tangi lisipungue urefu wa sentimita 60 kwa sababu hawatulii. Huruka pia, kwa hiyo kifuniko ni lazima. Wanasayansi humtumia danio kuchunguza magonjwa ya moyo na ya kurithi. Ramani ya jeni zake iliyotolewa mwaka 2013 ilionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina mwenzake katika samaki huyu.

Plati, ambaye asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, ni jamaa wa gapi. Ni mnene kidogo, mwekundu au wa manjano, mpole, na huishi vyema katika nyuzi 20 hadi 25. Naye huzaa, kwa hiyo tahadhari ni ile ile ya kununua jinsia moja.

Beta, samaki mpiganaji wa Thailand, anafaa kwa masharti. Ana kiungo maalum kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji, na ndiyo sababu wauzaji humweka katika mtungi mdogo. Kuweza kuishi katika mtungi si kustawi humo. Anahitaji lita 15 au zaidi na joto la nyuzi 24 hadi 28, kwa hiyo huku kwetu anahitaji hita. Madume wawili wasiwekwe pamoja hata kwa dakika moja.

WASIOFAA TANGI DOGO

Samaki wa dhahabu ndiye anayenunuliwa sana na ndiye anayeteseka sana. Yeye si wa nchi za joto, baridi yetu haimsumbui. Tatizo ni ukubwa. Akitunzwa vyema hufikia sentimita 20 au zaidi na huishi miaka kumi na zaidi, na uchafu wake ni mwingi. Yule anayekufa katika bakuli akiwa na miezi mitatu amekufa utotoni. Samaki wa aina ya koi ni vivyo hivyo, ila yeye hupita sentimita 60. Hao ni wa bwawa la bustanini.

Baadhi ya watu hudhani watapunguza gharama kwa kuchukua vitoto vya tilapia au kambare kutoka bwawa la jirani. Tilapia hupita sentimita 30 na dume hulinda eneo lake kwa kuwapiga wenzake. Kambare akiachwa akue huweza kupita mita moja, na kila samaki anayeingia mdomoni mwake kwake ni chakula. Fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wana rangi za kuvutia na jike hulea mayai mdomoni mwake, lakini madume hupigana na huhitaji tangi kubwa na mfugaji mzoefu.

Dukani, tazama samaki kwa dakika kumi kabla ya kutoa pesa. Mzima hufungua mapezi yake, huogelea bila kupinduka na hukimbilia chakula. Mwache aliyekunja mapezi, mwenye tumbo lililobonyea, mwenye vidoadoa, au anayetwetea juu ya maji. Ukiona hata mmoja aliyekufa katika tangi la muuzaji, usinunue yeyote katika tangi hilo siku hiyo. Ukifika nyumbani, eleza mfuko juu ya maji ya tangi lako kwa dakika 20 ili joto lilingane, kisha mtoe samaki kwa wavu. Maji ya dukani usiyamimine katika tangi.

TANGI NA AFYA YA NYUMBA

Ngozi: Kuna bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, jamaa wa yule wa kifua kikuu, ambaye huishi katika maji na huwaugua samaki. Alitambuliwa mwaka 1926 kutoka kwa samaki wa hifadhi moja huko Philadelphia, Marekani. Huingia katika mwili wa mtu kupitia jeraha dogo mkononi. Wiki mbili hadi nne baadaye, pengine hata miezi, kivimbe chekundu hutokea kwenye kidole au nyuma ya kiganja. Kivimbe hicho huweza kuwa kidonda kisichopona, na vingine hufuatana kuelekea kwenye kiwiko. Hakiambukizwi kutoka mtu hadi mtu, na kwa kawaida hubaki mikononi kwa sababu bakteria huyu hupenda ubaridi kuliko joto la ndani ya mwili. Tiba ipo, lakini ni dawa za miezi kadhaa. Tatizo kubwa ni kwamba daktari asipoambiwa kuwa mgonjwa hufuga samaki, huweza kutibu kitu kingine kwa muda mrefu. Ukiwa na kidonda cha namna hiyo, mwambie.

Kinga ni nyepesi. Usitie mkono wenye jeraha katika tangi bila glavu. Nawa kwa sabuni baada ya kazi, wala usioshee vifaa vya tangi katika sinki la vyombo vya chakula. Usifyonze mpira kwa mdomo ili kutoa maji. Ujaze maji kwanza kisha uzibe ncha kwa kidole. Wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na virusi vya Ukimwi na wanaotibiwa saratani, na wamwachie mtu mwingine kazi ya kusafisha.

Umeme: Chomoa nyaya zote kabla ya kutia mkono ndani ya maji. Waya wa hita au pampu uteremke chini ya soketi kisha upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Usiunganishe waya kwa utepe pekee.

Mbu: Kaunti ya Bungoma imo katika ukanda wa malaria unaozunguka Ziwa Victoria, kwa hiyo maji yaliyotuama si mchezo. Tangi lenye samaki wadogo halizalishi mbu, kwa sababu gapi na danio hula viluwiluwi kabla havijakomaa. Hatari ni tangi lililoachwa wazi baada ya samaki kufa, au ndoo ya maji ya akiba iliyosahauliwa nyuma ya nyumba. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa siku saba hadi 14. Kama hutaki samaki tena, mwaga maji siku hiyo hiyo.

Uwezo huu wa samaki umepimwa hapa nchini. Mwaka 2007 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wao Kisii, ambako waliweka tilapia katika mabwawa yaliyokuwa yameachwa. Baada ya wiki 15 viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Hilo linawahusu wale waliochimba mabwawa wakati wa mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009, kisha wakayaacha. Bwawa lenye samaki ni mali, na lisilo na samaki ni kiwanda cha mbu. Hata hivyo, samaki hawachukui nafasi ya chandarua chenye dawa.

Dawa: Usifungue kapsuli za tetrasaiklini au dawa nyingine za binadamu zilizobaki kabatini na kuzimwaga katika tangi. Kwanza zinaweza kuua bakteria wazuri wa kichujio, na amonia ikapanda. Pili zinafundisha vijidudu vingine kuzizoea dawa ambazo kesho utazihitaji wewe au mtoto wako. Samaki akionekana mnyonge, tiba ya kwanza ni kubadilisha robo ya maji na kupima joto.

MTONI WASIPELEKWE

Wapo wanaochoka na samaki na kwa huruma huwaachilia mtoni. Huruma hiyo ina madhara. Maji yanayoporomoka Nabuyole huishia Ziwa Victoria, na ziwa hilo limekwisha kuonja wageni. Mbuta alitiwa humo kuanzia miaka ya 1950. Biashara ya samaki ikapanuka, lakini fulu wa aina nyingi sana wakatoweka au wakabaki wachache. Gugumaji, mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa ulimwenguni kwa ajili ya maua yake mazuri, ulizagaa ziwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na bado huwasumbua wavuvi. Samaki usiowataka wape mfugaji mwenzako au warudishe dukani. Mimea ya tangi ikaushe juani kabla ya kuitupa.

FAIDA IPO

Baada ya tahadhari zote hizo, msomaji asidhani namkataza. Uchunguzi uliofanywa katika hifadhi ya samaki ya Plymouth, Uingereza, na kutolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba watu waliotazama tangi walipungukiwa na mapigo ya moyo na shinikizo la damu kwa kiasi fulani. Hiyo si sababu ya kuacha vidonge vya presha, lakini ni burudani isiyo na madhara. Mtoto naye hujifunza kutunza kiumbe kisichoweza kulia njaa. Mfundishe kulisha mara moja au mbili kwa siku, kiasi kitakachoisha kwa dakika mbili, na chakula kinachobaki kitolewe.

Kwa ufupi, mzazi unayepanga kununua samaki mwisho wa mwezi huu, nunua kwanza tangi, kichujio na kipimajoto. Jaza maji yaliyolala usiku mmoja. Pima joto kwa wiki nzima, kisha ununue gapi wawili madume au danio wachache. Wakipita wiki sita salama, ongeza wengine kulingana na hesabu ya lita zako. Kila wiki badilisha robo ya maji, na kichujio ukikoshe katika maji uliyoyatoa tangini wala si kwa maji ya mfereji. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Asiye na nusu saa hiyo kila wiki, heri asinunue samaki.